Mchezo wa Kimya

Shanga ndizo zilizotoa habari kwanza, na Marlène hakuzisikiliza.

Zilikuwa shanga za kuhesabia, za rangi ya dhahabu, ambazo kila mtoto wa darasa lake alifundishwa kuzipanga juu ya mkeka mdogo: moja moja, kumi kumi, kisha mraba wa mia. Juma la mwisho la mwaka wa shule, zile za moja moja zilikataa kutulia. Mtoto aliweka shanga mbele yake, akageuka kuchukua nyingine, na alipotazama tena ile ya kwanza ilikwisha ondoka, inabingirika taratibu kuelekea katikati ya chumba, pale pale kila siku, kana kwamba kuna aliyeketi pale akizivuta kwa uzi. Bertin, mvulana wa miaka mitano mwenye mikono mizito, alilalamika kwamba shanga zake zinamkimbia. Marlène alimjibu kwa upole kwamba shanga hazina miguu, na kwamba kazi iliyoharibika hurudiwa. Bertin alirudia. Shanga zikakimbia tena.

Marlène hakuwa mwalimu mvivu wala mjinga. Alikuwa amefunzwa huko Lubumbashi, katika njia ya Montessori, kwamba kifaa hakikosei: kifaa hutengenezwa kwa uangalifu ili kimwonyeshe mtoto kosa lake mwenyewe, na mwalimu hana haja ya kumkaripia. Aliiamini kanuni hiyo kama wengine wanavyoiamini Imani. Kwa hiyo, mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi ulipoanguka mara ya tatu bila kuguswa na mtu, alitazama mikono ya watoto, akavitazama vipande, akavipima kimoja kimoja. Sakafu hakuitazama. Nani huitilia shaka sakafu?

Shule ilikuwa katika nyumba ya kale ya matofali, upande wa Likasi unaoelekea Kambove, yenye saruji nyekundu iliyong'arishwa na miaka, barza pana mbele na mlango wa nyuma unaotokea uani. Jirani yao alikuwa amezungushia kiwanja chake mabati mapya marefu. Alisema anachimba kisima cha maji. Malori yalikuja kwake alfajiri na kuondoka yakiwa yamelemewa, lakini katika mji ule mtu akiona mabati mapya hujifunza kuyapita bila kuuliza.

Siku ya kufunga mwaka wazazi walijaa barzani na uani, wamevaa vitambaa vizuri, wakijikunja kwa baridi ya Julai. Katika shule nyingine zote za mji ilikuwa siku ya proklamasyo: matokeo husomwa kwa sauti mbele ya umati, wa kwanza hushangiliwa, wa mwisho hujificha nyuma ya mama yake. Direkta Magloire, mtu mrefu mwenye tai nyeusi, aliyelelewa kwenye bweni la mapadri kule Kapolowe na ambaye hata leo alikunja shuka zake kwa pembe nne, alikuwa amesimama ngazini akieleza kwa mara ya kumi kwamba hapa hakuna kitu kama hicho.

"Direkta, shiye tunaomba kintu kimoja tu," alisema Banza, baba yake Orpa wa darasa la Marlène, mnunuzi wa mawe ya madini, mtu mnene mwenye cheko kubwa. "Mutoto yangu iko na pourcentage ngapi?"

"Tata Orpa, hapa hatumpimi mtoto kama unavyopima shaba katika jiwe."

"Basi wa kwanza njo nani?"

"Kila mmoja ni wa kwanza katika kazi yake."

"Eh! Vile njo banasemaka bantu ya ekipe ya mupira yenye kupigwa!"

Watu wakacheka, na Direkta akatabasamu kidogo sana, kama mtu anayelipa ushuru. Kisha akatangaza kwamba watoto wataonyesha kazi zao, na mwisho wataonyesha kimya.

"Kimya?" Banza akaruka tena. "Minye natafuta kimya mu nyumba tangu niliowa, kumbe banakifungiaka huku!"

"Weye, ukirudia tena utakula wapi leo?" mkewe Fortunée alimwuliza, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Fortunée alikuwa kiongozi wa waombezi katika kanisa lao. Wenzake kadhaa walikuwa wamekuja naye, wote wamevaa vitenge vya aina moja.

Kazi zilikwenda vizuri. Wazazi walichungulia madirishani, wakaona watoto wakimimina maji kutoka jagi hadi jagi bila kumwaga tone, wakigusa herufi za msasa kwa vidole viwili. Mnara wa waridi uliachwa rafuni. Marlène hakutaka aibu. Ndipo akawaketisha watoto sakafuni, kila mmoja mahali alipopenda, akawaambia wafumbe macho.

Huo ndio mchezo wa kimya. Hakuna anayesogeza hata kidole. Chumba hutulia hadi vitu vidogo vinaanza kusikika. Baadaye mwalimu huuliza kila mtu amesikia nini. Na mwisho kabisa huenda mlangoni, akaita majina kwa mnong'ono, na kila aliyeitwa huinuka na kumwendea bila sauti. Asiyeitwa hatikisiki. Watoto waliupenda mchezo ule kuliko peremende.

Kimya kikaingia. Hata wazazi walijikuta wamezuia pumzi.

"Fungueni macho," Marlène alisema. "Mmesikia nini?"

"Pikipiki," alisema Samy.

"Minye nilisikia tumbo ya Bertin," alisema Élysée.

"Haikukuwa tumbo yangu!"

Madirishani wakacheka. Orpa, aliyekuwa ameketi katikati kabisa ya chumba, hakucheka. Alisubiri zamu yake, mkono juu.

"Minye nilisikia muntu anapika hodi."

"Mlangoni?"

"Hapana, Madame. Chini." Mtoto akalaza kiganja chake juu ya saruji. "Eko chini. Anapika, anapumuzika, anapika."

Kicheko cha madirishani kilikatika kama uzi.

"Yesu!" ilikuwa sauti ya Fortunée. "Nilisemaka! Hii nyumba kuko bintu! Bantu balikufiaka humu bila kuzikwa muzuri!" Na kabla yeyote hajamjibu, alikuwa amefumba macho na kuinua mikono. "Bandugu, tukanyage! Mu jina ya Yesu, tukanyage nyoka!"

Waombezi walikuwa wamekwisha jipanga mstari barzani. Walianza kukanyaga kwa pamoja, visigino vizito juu ya saruji, na kila kishindo kiliingia darasani kupitia ukuta.

Marlène alipiga magoti akaweka kiganja sakafuni, karibu na rafu. Mwanzoni alisikia miguu ya barzani tu. Kisha, kati ya kishindo na kishindo, akasikia kingine, kikavu, cha chuma juu ya jiwe. Na hakukisikia kwa sikio, alikisikia kwenye meno.

Alikuwa amezaliwa Kambove. Utotoni alimpelekea chakula kaka yake Joachim, mchimbaji, na wakati akimngoja juu, alilaza shavu chini ili ajue kama Joachim bado yuko mbali. Baramina, ule mtaimbo wa wachimbaji, ikigonga mbali huja kama wazo. Ikigonga karibu huuma jino. Na siku shimo lile lilipomzika Joachim, hakukuwa na kishindo kama watu wanavyodhani. Ardhi ilishuka tu, polepole, kama mtu aliyechoka anayekaa chini.

Ndipo alipoelewa shanga. Sakafu aliyopigia magoti, ambayo aliipiga deki kila asubuhi, ilikuwa imebonyea katikati, kifuniko tu cha shimo.

Aliinuka akaenda dirishani akiwa ameshikamana na ukuta. Direkta Magloire alikuwa akijaribu kuwanyamazisha waombezi.

"Direkta. Kuna watu wanachimba chini yetu. Karibu sana."

Uso wa mtu yule ulibadilika rangi, lakini sauti haikubadilika. "Una hakika?"

"Nina hofu. Hofu inatosha."

"Napiga kengele."

"Usipige! Kengele ikilia wataruka wote kwa mara moja, watakimbia katikati. Niachie mchezo uendelee. Wewe niondolee watu barzani, wanatikisa nyumba."

Direkta aligeuka. Aliwaamuru washuke, kwa sauti iliyozoea kutiiwa na madarasa mazima. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakutiiwa.

"Acha, huyu eko mukatolika," mama mmoja alisema bila kufumbua macho. "Haelewe bita ya roho." Na visigino vikaongezeka.

Marlène akazunguka hadi mlango wa nyuma, daima kando ya ukuta. Darasani kulikuwa na mstari mweupe uliopakwa sakafuni, umezunguka chumba kama yai, hatua moja kutoka ukutani. Watoto waliutumia kujifunza mwendo wa utulivu. Kuta zilisimama juu ya msingi wa mawe. Kama kulikuwa na mahali pa kuamini ndani ya chumba kile, palikuwa juu ya mstari ule.

"Tunaendelea," alisema, na akashangaa kwamba midomo yake inaweza kutabasamu. "Fumbeni macho. Leo, ukiitwa, unakuja juu ya mstari. Juu ya mstari tu."

Alianza na yule aliyekuwa katikati.

"Orpa," alinong'ona.

Orpa hakutikisika. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho yamebanwa, kiganja bado kimelala sakafuni. Alisikiliza chini kwa moyo wake wote. Upande wa mbele barza ilinguruma.

"Orpa."

Hapana. Hakuweza kungoja. Akawaita waliokuwa karibu na mlango, ambao mnong'ono uliwafikia. "Samy." Samy akainuka, akatafuta mstari, akaja na mikono nyuma, akampitia na kutoka uani. "Élysée." "Yannick." Walikuja mmoja mmoja, wakijivunia ukimya wao, na kila aliyepita alimwachia Marlène pumzi moja na kumnyang'anya nyingine. Alimwita Orpa tena. Aliwaita wawili zaidi, akamwita Orpa tena. Kila mtoto aliyeondoka alimwacha yule mdogo peke yake zaidi katika uwanda mwekundu.

Bertin alipofika juu ya mstari, kitu kililia kwa sauti ndogo, kama kuni mbichi motoni. Ufa mwembamba kama unywele ulitokea karibu na goti la Orpa, ukatambaa kuelekea rafu. Jagi moja la maji likaanza kuteleza lenyewe. Bertin aliliona. Alimtazama mwalimu wake kwa macho ya mtu ambaye sasa anaaminiwa, akaendelea kutembea.

Alipotoka, chumba kilibaki na mtoto mmoja.

Banza alikuwa dirishani. Mawe aliyajua, huo ulikuwa mkate wake. Alipouona ule ufa hakuhitaji kuelezwa. Marlène alimsikia akizunguka nyumba mbio, na mara alikuwa mbele yake mlangoni, mwili mzima wa mtu mnene ukija kwa kasi. Alimzuia kwa viganja viwili kifuani.

"Niachie! Mutoto yangu!"

"Tata Orpa, ukitia muguu mule mutashuka wote wawili."

"Basi umuite!"

"Ninamuita tangu mwanzo! Hasikie. Bibi yako anakanyaga."

"Umuite kwa nguvu!"

"Nikipiga kelele ataogopa, atakimbilia kwako. Katikati. Unataka akimbie?"

Banza alitazama ndani. Kisha akageuka, na mtu yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia mara ya pili.

Marlène alisikia sauti yake upande wa barza, bila cheko lolote ndani yake. "Mama Orpa. Nyamaza."

"Shindwa, weye roho ya—"

"Fortunée! Nyamaza! Mutoto hasikie jina yake!"

Kukanyaga kulilegea, kukavurugika, kukafa. Uso wa Fortunée ulitokea dirishani. Alimwona bintiye peke yake katikati, ufa umepita kando yake, na kinywa chake kikafunguka kwa ukelele. Mkono mpana wa mumewe ukakifunika.

Ndipo kilipoingia kimya cha kweli, kimya cha watu wazima wenye hofu. Ndani yake Marlène alitambua jambo lililomtisha kuliko yote: kugonga kulikuwa kumekoma. Wale wa chini nao walikuwa wamesikia kitu. Mahali pake palikuja mchakacho hafifu, wa mchanga unaomiminika bila kukatika.

"Orpa."

Mtoto akafumbua macho. Alitazama huku na huku, akaona kwamba amebaki wa mwisho, na akakunja uso kidogo, kwa maana hakuna anayependa kuitwa mwisho. Akasimama. Mbele yake, dirishani, alimwona mama yake. Na kama mtoto yeyote, alielekeza mguu huko, moja kwa moja, juu ya ufa.

Marlène hakupiga kelele. Aliinua kidole, akachora hewani umbo la yai, taratibu, kama alivyochora kila asubuhi ya mwaka mzima. Mguu wa Orpa ulisita. Ukarudi. Akavuka hatua chache hadi ukutani, na saruji ikashuka nyuma yake kwa upana wa mkeka, bila sauti, kama bukari, ule ugali wa huko, linavyobonyea chini ya kidole gumba.

Hakugeuka. Alikuwa ameufikia mstari. Na mtoto aliyefundishwa vizuri huutembea mstari kama alivyofundishwa: kisigino cha mguu mmoja kinagusa kidole cha mguu mwingine, mikono imenyooka, kichwa juu. Hivyo ndivyo Orpa alivyokuja. Kisigino, kidole. Kisigino, kidole. Aliipita rafu ya shanga. Aliyapita majagi. Alisimama kurekebisha mguu uliokuwa umetoka nje kidogo ya weupe, maana alitaka kuwa sahihi mbele ya wazazi. Marlène alitaka kumrukia, kumnyakua, kumtukana. Alisimama amenyoosha mkono, akitabasamu, na jasho likimtiririka mgongoni katika baridi ile. Kazi yote aliyoifanya mwaka mzima ilikuwa kumfundisha mtoto huyu asiharakishe.

Vidole vidogo vikagusa vyake. Alivishika kwa nguvu hata Orpa akasema, "Madame, unaniumiza." Na walipokuwa juu ya ngazi ya nyuma, katikati ya darasa pakakaa chini. Rafu ikafuata, na shanga zote za dhahabu, za moja moja na za mia, zikateremka kwa pamoja kwa mlio wa mvua, zikapotea. Vumbi jekundu likatoka mlangoni.

Uani watu wazima walilia, wengine wakaketi chini. Fortunée alimbana bintiye kifuani. Watoto peke yao walisimama kimya, wamejipanga, wakimtazama Marlène. Hakuna aliyewaambia kwamba mchezo umekwisha.

Alifungua mdomo awaambie, akaufunga. Akiwaambia, wataruka, watakimbia ua mzima. Shimo linaishia wapi? Chini ya ua? Chini ya mti? Chini ya ngazi aliposimama Direkta Magloire, ameshika kengele kwa mikono miwili ili isilie?

"Tufuate ukuta," alinong'ona. "Hadi barabarani."

Walitoka getini wakiwa mstari mmoja, wazazi nyuma yao, wakikanyaga kama watu wanaopita kando ya mgonjwa. Mabati ya jirani yalikuwa yamefunguka. Wanaume walikuwa wanatoka mmoja baada ya mwingine, wamekuwa rangi ya udongo, macho meupe. Mmoja aliyekuwa peku alimwona Banza akasimama, ilionekana wanafahamiana.

"Patron," alisema kwa sauti iliyokauka. "Shiye tulisikia miguu kule juu. Tulifikiri ni kanisa. Tulikimbia."

"Mawe yenye munaniletea," Banza aliuliza polepole, "munaitosha huku chini ya shule?"

Yule mtu akatazama chini. "Patron, hauyaulizaka."

Banza alimchukua Orpa mikononi mwa mkewe, akambeba mwenyewe, na akaifuata safu.

Marlène aliwaongoza kwenye lami, akaipita kona, akaipita nyumba ya kwanza na ya pili. Hakuna aliyemwuliza wanakwenda wapi. Palipokuwa wazi, chini ya ukingo wa reli, alisimama. Safu nzima ikasimama nyuma yake. Alipiga magoti katika nguo yake nzuri ya sherehe, akalaza shavu barabarani, na watoto, wazazi, waombezi katika vitenge vyao na Direkta mwenyewe wakazuia pumzi.

Hakusikia kitu. Hata hivyo alibaki hapo, shavu juu ya lami baridi, akisikiliza, kwa sababu bado hakuthubutu kuwaambia kwamba mchezo umekwisha.